Maneno ya Bibi Ukutani

Juzi mwanangu aliunguza gundi. Alikuwa na kazi ya skuli ya kubandika majani ya miti kwenye karatasi, na gundi ya dukani imekwisha, nikamwambia achukue unga wa ngano kidogo na maji, akoroge motoni kama anapika uji mwepesi. Yeye akashika simu, sufuria ikashika chini. Nilikuwa uwani naanua nguo. Harufu ile iliponifikia nikakaa kwenye ngazi na nguo mapajani, nikalia. Mtoto akaja mbio akidhani namlilia sufuria, akaniapia kuwa ataisugua mpaka ing'are. Nikamwambia aisugue, ndiyo, lakini simlilii sufuria.

Mimi nasomesha Kiingereza. Kila matokeo yakitoka wazazi hunijia, wananiuliza mtoto afanye nini apate maneno. Nami nina majibu yangu ya kimwalimu: asome hadithi anazozipenda, asikariri orodha kama kasuku, kila neno alitie kwenye sentensi yake mwenyewe, alirudie kabla halijapoa, alitumie na mtu. Wananisikiliza kwa adabu, wananiitikia, halafu wanakwenda zao kununua kamusi nene. Niliyowaambia ni kweli yote. Ila sikuyapata kwenye mafunzo ya ualimu, niliyapata kwa bibi yangu, na kwa muda fulani wa utoto wangu niliamini kwamba kwa maneno hayo hayo nilikuwa nimemwangamiza.

Tulikuwa tukikaa Mkunazini, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani yenye kuta nene na ngazi za kuvunja miguu: mimi, mama, na bibi mzaa mama, Bi Mwatima. Kwa utani wetu wa bibi na mjukuu akiniita mke mwenza. Mke mwenzangu, nipe maji. Mke mwenzangu, mbona umenuna, mume kakunyima nini? Mume mwenyewe, babu yangu, alifariki kabla sijazaliwa, kwa hiyo tukimgombea marehemu, na bibi akishinda kila siku. Mama akifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Shangani, anatoka asubuhi, anarudi alasiri na miguu imevimba. Mchana kutwa, nikishatoka skuli na chuo cha Kurani, nyumba ilikuwa yetu sisi wake wenza wawili.

Tulipofika madarasa ya juu ya msingi, hesabu na sayansi zikageuka Kiingereza. Hivi hivi tu. Jana unajua kujumlisha, leo hujui hata umeulizwa nini. Siku moja nilirudi nikatupa mkoba, nikasema sirudi tena kule. Bibi alikuwa akichambua mchele. Hakunipa nasaha wala hakunibembeleza. Alisema tu, "Na mimi nifundishe. Kila unalolipata huko, niletee."

Nikacheka. Bibi yangu hakuzijua hata herufi za skuli. Yeye alisoma chuoni, na barua zake zote, hata za Kiswahili kitupu, akiziandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya wengi wa rika lake. Lakini herufi hizo na mimi nilizijua. Basi nikakata vikaratasi, nikaandika maneno ya Kiingereza kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, bibi akakoroga gundi ya unga, tukaanza kubandika. Dirishani "windo". Ndooni "baketi". Ufagio ukaning'inizwa na kikaratasi chake, "brumu", kikamsumbua kila anapofagia. Kabati, kitanda, ufunguo, kinu, mlango wa stoo, mlango wa choo, kila kitu kikapata jina la pili. Mbuzi ya kukunia nazi tu ndiyo haikupata. Nilimwuliza Mwalimu Jabir, aliyekuwa akitusomesha Kiingereza, akafikiri, akakohoa, akasema tuendelee na somo. Bibi aliposikia alifurahi siku nzima. Alisema ikiwa wenye lugha hawana jina la mbuzi, basi chakula chao cha kuhurumiwa.

Namna ya kusoma aliichagua yeye, nayo ilikuwa ya chuoni mzima mzima. Wasomao chuoni wanajua: hupewi darsa mpya mpaka ya jana uisome kwa ghaibu, na mwenzio kashika msahafu anakusikiliza. "Haya, shika," bibi ataniambia, nami nitashika vile vikaratasi ambavyo bado havijabandikwa, nimsikilize. Atasoma ya jana, atasoma ya juzi, ndipo aombe jipya. Na neno hakubali likae bure. Lazima aulize, "Hili nalitumia wapi?" Nikimwambia ni kufagia, atainuka afagie, huku akilitamka na kujitikisa mbele na nyuma kama tusomavyo chuoni, mpaka jirani wa chini akataka kujua Bi Mwatima anasoma uradi gani huo mgeni. Nami niliyekuwa nikimshika, bila kujua, nikawa nahifadhi zaidi yake. Mwalimu Jabir alianza kunisimamisha mbele niwasomee wenzangu. Nilivimba kichwa, nisiseme uongo.

Sasa njooni kwenye Alkhamisi ile.

Kila Alkhamisi baada ya magharibi bibi alikuwa akimsomea babu Yasini. Hakufungua msahafu hata siku moja, akiisoma kwa moyo toka utoto wake, macho kayafumba, tasbihi mkononi. Mimi nilikuwa nikilala pembeni kwenye mkeka, naisikiliza mpaka usingizi unanijia. Jioni hiyo alifika katikati akanyamaza. Nikadhani anavuta pumzi. Akairudia aya, akafika pale pale, akanyamaza tena. Akafumbua macho. Akawa anatazama huku na huku ukutani kama mtu aliyepoteza sindano, macho yake yakatua kwenye kikaratasi cha dirishani, na mdomo wake uliokuwa ukisoma Kurani ukasema, "Windo."

Kisha akanitazama, akaniuliza yeye yupo wapi.

Nitawaeleza mtoto wa miaka ile aliwaza nini, na wenzangu mliolelewa mjini mtanielewa upesi. Sote tulishanyweshwa kombe. Ukipata homa isiyokatika, maalim anaandika aya kwenye sahani nyeupe kwa zafarani, inaoshwa kwa maji ya waridi, unakunywa, na maandishi yanaingia mwilini kukutibu. Hilo kwangu halikuwa jambo la kubishaniwa, nilishayanywa na nikapona. Basi ikiwa herufi za Kitabu zinaingia mwilini mwa mtu na kufanya kazi, zangu je? Kwa herufi hizo hizo tukufu mimi nilikuwa nimemwandikia bibi ndoo. Nimemwandikia ufagio. Nimemwandikia choo, Mungu anisamehe, tena kwa mwandiko mzuri. Nilimwona bibi yangu amejaa vyombo vya uwani kifuani, na Yasini yake inatolewa nje aya moja moja ipate nafasi ndoo.

Jumamosi chuoni nilimwuliza Ghanima, bila kumtaja bibi. Ghanima alikuwa na umri kama wangu na fatwa ya kila kitu. Nilimwuliza ikiwa mtu ataandika Kiingereza kwa herufi za Kurani, inakuwaje. Hakufikiri hata kidogo. Alisema maneno hayo yatapigana tumboni, na ya Kizungu ndiyo yatakayoshinda kwa sababu ni mengi, na mtu huyo atasahau mpaka jina la mamaake. Jioni hiyo bibi alimwita mama kwa jina la dadaake aliyekufa zamani. Mama akaitika tu, "Naam, mama," akaendelea kumenya vitunguu. Mimi nikaenda kujificha chooni.

Tangu siku hiyo nikayakataa maneno. Niliogopa hata yangu, maana nami nilikuwa na juzuu zangu za kulinda. Darasani Mwalimu Jabir akisomesha neno jipya nasoma Kulhuwallah moyoni lisipate pa kuingia. Akiniuliza, nanyamaza. Karatasi ya jaribio nikaikabidhi tupu. Nyumbani bibi akisema nimpe darsa mpya, namwambia leo hatukusoma, mwalimu mgonjwa. Maskini Mwalimu Jabir, nilimuuguza mwezi mzima, na yeye mzima kama kigongo. Mwisho akamwita mama skuli, akamwambia hajui mtoto kapatwa na nini, ila akiendelea hivi atamrudisha darasa. Mama aliniuliza njia nzima. Ningemwambia nini? Kwamba mamaake anapotea na mimi ndiye niliyempoteza? Kulala nalala nimejikunja, naombea neno moja tu, bibi amalize Yasini.

Naye hakumaliza. Alkhamisi iliyofuata alikwama mapema zaidi. Nyingine hakuanza kabisa, alisema amechoka.

Nikaamua kuyatoa. Ilikuwa Ijumaa, bibi kalala baada ya chakula, mama yuko kazini. Nikachukua maji ya moto na kitambaa, nikapita nyumba nzima nabandua vikaratasi. Gundi ya bibi ilikuwa kiboko, nilikwaruza mpaka kucha zikauma. Kuvitupa siwezi, maana karatasi yenye herufi hizo haitupwi wala haikanyagwi, hata kama imeandikwa choo. Nikavitia vyote kwenye kikapu, nikapanda kiti, nikakiweka juu ya kabati karibu na msahafu, kisha nikaona haifai vikae karibu na msahafu, nikakisogeza. Halafu nikakaa sebuleni nimngojee bibi aamke mzima.

Aliamka. Nilimsikia akishuka kitandani, akitembea ukumbini, akasimama. Akarudi. Akasimama tena. Nilipochungulia nilimwona yuko baina ya mlango wa stoo na mlango wa choo, kaikamata kanga yake kwa mikono miwili, anautazama huu, anautazama ule, anapapasa mbao kwa kiganja pale palipokuwa na karatasi. Milango yenyewe inafanana, miwili ya kijani, lakini ameishi nayo miaka. Nikaona maji yanamtiririka miguuni mpaka sakafuni.

Bibi yangu alikuwa mtu wa haya sana. Alikaa palepale chini akajifunika uso.

"Nani kaniibia maneno yangu?" akasema. "Nlikuwa nayo hapa. Nani kaniibia?"

Mama alipofungua mlango wa ngazi alitukuta sote wawili sakafuni, mimi nampangusa miguu bibi na kulia kwa kwikwi. Alimwogesha mamaake, akambadilisha, akamtia wanja na kumpaka mafuta, akamrudisha kitandani. Ndipo akaja, akanikalisha kwenye ngazi ya juu, akasema haya, leo utanambia.

Nikasema yote. Nilianzia Alkhamisi ile na windo, nikaja kwenye kombe, nikaja kwa Ghanima na vita vya tumboni, nikamaliza na kikapu juu ya kabati. Mama alinisikiliza kaweka mkono mdomoni. Nilipofika kwenye ndoo zilizojaa kifuani akaanza kucheka, mabega yanatikisika, akijaribu kujizuia na asiweze, halafu kile kicheko kikageuka kilio, nami nikazidi kuogopa. Sijawahi kumwona mama analia hivyo, hata msibani.

"Sikiliza wewe," akasema alipoweza. "Bibi yako kaanza kusahau kabla ya karatasi hata moja. Keshatia chumvi kwenye chai, keshapotea njia ya Darajani, mtu aliyezaliwa hapa. Nikampeleka hospitali. Daktari kanambia maradhi haya hayana dawa, ni ya uzee, ila tumshughulishe akili, ajifunze kitu, na milango tuitie alama. Mimi ndiye nliyemwambia akuombe maneno."

"Kabla ya windo?" nikamwuliza.

"Kabla ya windo."

"Kabla ya baketi?"

"Kabla ya yote, mwanangu. Wewe ulidhani unamsomesha Kiingereza. Ulikuwa unamwonyesha choo kilipo."

Nilimwuliza tena, na tena, maana moyo haukuamini mara moja. Haikuwa mimi? Haikuwa wewe. Herufi hazikumdhuru? Herufi zimemsaidia. Mama akasema kosa ni lake yeye, alinificha kwa kudhani mtoto haoni, kumbe mtoto anaona na kujazia mwenyewe pasipoonekana. Akasema pia kuwa siku moja atamtafuta huyo Ghanima. Mimi nilikuwa mwepesi. Sina neno jingine la kusema. Kifua chote kilichokuwa kimebanwa tangu Alkhamisi ile kilifunguka, nikapumua mpaka tumboni, nikasikia njaa, nikala sahani mbili za wali wa mchana uliopoa, nikalala saa ile ile na mkono una mchuzi.

Kabla ya jua kuchwa mama aliniamsha, tukavirudisha vikaratasi vyote, mimi na yeye, na cha choo mama akakiandika upya kwa herufi kubwa. Bibi aliamka, akaviona, akaanza kuvisoma kimoja kimoja kwa furaha kama mtu aliyerudishiwa wageni wake. Aibu ya mchana alikuwa ameshaisahau. Kwa hilo nayashukuru maradhi yale, kwa hilo tu. Na skuli wiki iliyofuata Mwalimu Jabir alipouliza nani anajua, nikanyoosha mkono mpaka nikasimama. Alinitazama kama aliyeona maiti imekaa. Hakunirudisha darasa.

Nikaendelea kumsomesha bibi, na sasa nikijua ninachofanya. Mwanzo kilichokuwa kikinichosha ni kwamba anasahau. Leo windo, kesho ananiuliza hiyo windo ni nini. Lakini kwa vile kwake kila siku ni neno jipya, kila siku alikuwa na swali jipya. Likifungwa husemwaje? Likivunjika kioo? Ile nondo yake? Mtu anayechungulia kwa siri anaitwaje, maana jirani wa ng'ambo ana tabia hiyo? Nami sijui, inabidi niende skuli nikaulize, nirudi na jibu, nimtengenezee sentensi yenye jirani ndani yake ndipo acheke. Neno moja la dirisha lilinizalia maneno mengine sijui mangapi. Yeye hakubaki hata na moja. Mimi ninayo mpaka leo, na ndiyo ninayokula kwayo.

Akazidi kupungua, kama daktari alivyosema. Jina la mama likaondoka, la kwangu likafuata. Ikafika siku akiniona asubuhi ananiamkia yeye, "Shikamoo," bibi mzima kwa mtoto wa skuli, nami sijui niitikie nini. Yasini ya babu nikawa naisoma mimi, kila Alkhamisi, kwenye mkeka ule ule, yeye kakaa ameegemea mto anatazama dari. Sikumtarajia kuisikia. Nilisoma ili babu asikose haki yake, na ili mama, akiwa jikoni, asikie nyumba haijanyamaza.

Jioni moja nilikuwa na mtihani kesho yake, akili yangu haipo. Nikafika katikati, nikakwama. Nikairudia aya, nikafika pale pale, nikakwama tena. Nikafumba macho natafuta. Na sauti ikaichukua aya iliyofuata, sauti nyembamba lakini imenyooka, kila herufi imetoka mahali pake. Nilifumbua macho. Bi Mwatima, ambaye tangu asubuhi hakuwa akijua mimi ni nani wala yupo nyumba gani, alikuwa akisoma. Akaipita ile, akaipita ya pili. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Bibi akaenda nayo moja kwa moja, bila kupapasa, bila kutazama ukuta, mpaka mwisho.

Ilikuwemo. Siku zote zile ilikuwemo mle mle ndani, haikuwa imesukumwa na kitu.

Nikamwangukia mapajani nikalia kwa furaha na kumshukuru Mungu kwa sauti. Bibi akanisukuma kwa kiwiko, akaniambia ninyamaze kwanza, bado hajamwombea mumewe dua.